Shangazi wa Simu

12 Machi

Kwako wifi,

Habari za huko mjini. Sisi huku wazima, watoto wazima, hata mbuzi mzima. Mama yako yupo, na habari yake ndiyo iliyonishikisha kalamu. Salamu nimezitoa kwa sababu ndivyo barua inavyoanza. Usije ukadhani nimekuwa mpole.

Nakuandikia kwa mkono kwa kuwa nikikupigia simu utaniambia nibonyeze mbili kama nina swali. Barua hii anayo dereva wa lori la kabichi, ataiacha kwa mlinzi wa ofisini kwenu. Kwa hiyo usiseme haikufika.

Wifi, niondolee sauti yako nyumbani kwangu.

Kila Jumatatu, hata uso sijanawa, simu inalia na wewe huyo: "Ndugu mkulima! Wiki hii mvua zitakuwa za wastani. Hakikisha mbegu imefukiwa kina cha vidole viwili." Hakikisha! Hodi huna, salamu huna, unaanza tu kuamrisha. Wewe uliyekuwa unashika jembe kwa ncha za vidole, jua likipanda kidogo kichwa kinakuuma, maji ya kunywa uletewe shambani kama bibi harusi. Leo unanipimia mimi nafasi ya shina na shina. Makubwa haya.

Na ungekuwa unasikika kwangu peke yangu ningesema ni bahati yangu mbaya. Watu wa ushirika walipita nyumba kwa nyumba wakaandikisha kijiji kizima. Saa ile ile simu zinalia kila ua, na kila ua ni wewe. Siku ya kwanza watoto wangu walishangilia, "Shangazi! Shangazi huyo!" na jina likashika hapo hapo. Sasa hata wazee wenye mvi wanakuita Shangazi wa Simu. Kisimani naulizwa, "Eti, Shangazi amesema tuweke samadi kiasi gani?" Naulizwa mimi! Mimi ambaye hujanijulia hali tangu matanga ya kaka yako, siku uliposimama mbele ya waombolezaji ukasema nimemuua mume wangu kwa kumnywesha majani badala ya kumpeleka hospitali. Waliokusikia siku ile ndio hao hao wanaokusikia leo unahimiza mbolea kwa sauti laini. Wananitazama mimi wanacheka.

Hayo ningeyameza. Lakini kuna mama. Simu ni yake, dole gumba lililoandikishwa ni lake. Mwanzoni alijua vizuri kwamba ile ni sauti iliyorekodiwa, akajivuna nayo kwa majirani mpaka wakamchoka. Siku hizi anakuitikia. Ukisema mvua, anasema, "Eeh, mwanangu, hata huku." Anakuuliza hili na lile, anasubiri, wewe unaendelea na mbegu zako. Ukimaliza ananiambia, "Ana haraka, yuko kazini." Halafu lolote uliloamuru anatoka kwenda kulifanya, na macho yale yaliyoingia mtoto wa jicho. Wiki jana amefukia mbegu kwenye njia ya kwenda chooni.

Kwa hiyo chagua. Ama wamweke mtu mwingine aseme kwenye namba yetu, ama uje uongee na mama yako kwa mdomo wako mwenyewe.

Mke wa marehemu kaka yako


20 Machi

Kwako wifi,

Barua yako nimeipata. Mimi ni mzima. Nakuombea nawe uzima, na mama namwombea zaidi, kwa sababu yuko mikononi mwako na matokeo ya mikono hiyo niliyaona kwa kaka yangu.

Nianze na kazi, maana naona hujui unachokigombania. Maneno yale siyatungi mimi. Anayatunga mtaalamu wa kilimo, meneja anayapitisha, mimi napewa karatasi nasoma. Nakaa kwenye chumba kisicho na dirisha, kuta zimebandikwa sponji ya godoro ili zisisikike kelele za barabarani, feni hairuhusiwi kwa sababu inavuma. Natoka humo nimelowa jasho. Naambiwa nitabasamu ninaposoma, eti mkulima husikia tabasamu. Basi nakaa naichekea sponji. Salamu ziliondolewa kwa sababu ujumbe ukiwa mrefu watu hukata. Kwa hiyo ukisikia sina salamu, ujue si malezi ya mama yangu.

Nilichaguliwa kwa sababu nazungumza kama watu wa huko kwetu wanavyozungumza, na wakulima wananiamini. Hilo ndilo linalokuuma. Sauti yangu inasikilizwa kwenye kila ua, na wewe hata mbuzi wako hakusikilizi.

Sasa tuje kwa mama. Jumapili nilimpigia. Simu ikapokelewa. Nikaita, "Haloo? Mama? Mama, unanisikia?" Namsikia anapumua, nasikia na kuku uani. Halafu pii. Pii. Mtu anabonyeza kitufe. Nikapiga tena, ikawa vile vile. Wifi, usinifanye mtoto. Ulikuwa umesimama pembeni yake umemkataza asiseme, na ukaona raha kunisikia nikiita kama mwehu.

Na hii hadithi ya mama kuchanganyikiwa naona inakoelekea. Mzee akishatangazwa hana akili, anayebaki akiamua mambo ya shamba la baba yangu ni nani? Mama yangu anakumbuka kila ndama aliyezaliwa pale nyumbani na mvua iliyonyesha siku ile. Usimzulie.

Sauti yangu haitoki. Kama inakukera, ziba masikio.

Wifi yako, kwa bahati mbaya


2 Aprili

Kwako wifi,

Hujambo? Sisi hatujambo. Nimemaliza.

Barua yako niliisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa, mara zote mbili ikanipandisha damu. Umenikumbusha kaka yako kana kwamba nimemsahau. Ni nani aliyekuwa akimgeuza kitandani? Ni nani alifua zile shuka? Wewe ulikuja siku ya kuzika, umevaa viatu vya kisigino, vikazama kwenye udongo, tukakushika mkono usianguke kaburini. Ukishashikwa ukanigeukia na kunitukana. Sitaki kulisema tena leo, nitavunja kalamu.

Habari ya simu. Hakuna mtu aliyesimama pembeni ya mama. Nilikuwa shambani napanda maharage, uliza yeyote. Alikuwa anabonyeza yeye mwenyewe, kwa kidole chake. Kwa mama simu ndiyo hivyo ilivyo siku hizi: mwanawe anasema, akinyamaza unabonyeza moja, anarudi anasema tena. Si mlimfundisha wenyewe? "Kusikiliza tena, bonyeza moja." Ulipopiga ukaanza kuita "haloo, haloo," aliona umekosea mwanzo. Akabonyeza ili uanze upya vizuri. Ukakata. Nilimkuta amekaa na simu, ananiambia, "Leo amekataa kurudi."

Mtu angeniambia nimzulie mama jambo kama hilo, nisingeweza. Sina akili ya kutunga kitu kibaya kiasi hicho.

Na mambo hayajaisha. Ijumaa lilikuja gari jeupe, wakashuka vijana wawili wenye vitambulisho shingoni, wakauliza kwa mama. Wanasema namba yake ndiyo inayosikiliza ujumbe kuliko namba zote za ukanda huu. Msikilizaji Bora! Wamempa kofia na fulana yenye picha ya hindi linalocheka. Wakampiga picha. Mama akawauliza, "Mmetumwa na mwanangu?" Wakasema ndiyo, kwa sababu wao husema ndiyo kwa kila kitu. Akawapa mayai yote ambayo mwanangu alikuwa aende kuyauza.

Kwa hiyo mwajiri wako amefika, wewe hujafika. Amemletea mama yako fulana, wewe hujamletea hata miguu yako.

Lile ombi langu la kwanza nalifuta. Usiwaambie waitoe sauti. Nilijaribu kuificha simu Jumatatu moja, akanilaani, akasema nimemwibia mtoto, akakataa uji mpaka nikairudisha. Basi iendelee. Ila wewe uje. Kuna siku ananiita kwa jina la marehemu dada yake. Wewe bado anakujua kwa sauti, na sijui itabaki mpaka lini.

Wifi yako, hata ukikataa


17 Aprili

Wifi,

Natumaini mmeamka salama.

Nilijua habari ya Msikilizaji Bora kabla yako. Meneja alituita mkutanoni akaionyesha ile namba ukutani kwa furaha, akasema mkulima huyu ana kiu ya elimu, anastahili kuigwa. Watu wakapiga makofi. Namba niliitambua hata kabla hajamaliza kuisoma. Nikapiga makofi na mimi.

Ruhusa nimeomba, nimenyimwa. Msimu umeanza, ujumbe ni kila wiki na hakuna mwingine wa kusoma. Lakini nikipata nafasi, nakuja, na sitakuja kukaa mkekani kunywa chai yako. Nakuja kumchukua mama yangu. Atakaa kwangu, apelekwe hospitali ya macho, aangaliwe na watu wanaojua maana ya hospitali. Anza kumfungia nguo.

Dada wa marehemu mume wako


21 Mei

Wifi,

Salamu sina leo.

Jumatatu ulikuja na habari ya ugonjwa wa mahindi. Unakumbuka ulivyosema, au ukishasoma karatasi inatoka kichwani? Nakukumbusha: "Ukiona mmea wenye michirizi ya njano, usiuhurumie. Ng'oa! Ng'oa na mizizi yake, uchome moto. Ukiacha mmoja, umeacha ugonjwa." Hiyo "ng'oa" uliitia nguvu mpaka mbuzi akageuza kichwa.

Mahindi yetu hayakuwa na michirizi. Nilikuwa nimeyapita mstari kwa mstari asubuhi ile ile. Yalikuwa yamenipita kichwa, yanatoa mbelewele, mazuri hata majirani walikuwa wanasimama njiani kuyatazama. Nikasema na moyo wangu, mwaka huu watoto hawatalala na maji ya chumvi. Nikachukua debe nikaenda mashineni kusaga. Watoto walikuwa shuleni. Mama nilimwacha kwenye mkeka, ana uji wake, ana simu yake.

Foleni mashineni ilikuwa ndefu. Niliporudi niliona moshi tangu barabarani. Moshi mzito, mweupe, wa kitu kibichi. Nikadhani jiko limeshika nyumba, nikalitupa debe nikakimbia.

Nyumba ilikuwa salama. Shamba la nyuma halikuwepo. Wifi, lilikuwa halipo. Kuanzia migombani mpaka mfereji, udongo umefukuliwa, mahindi yamelala chungu chungu, na katikati mama yako amepiga magoti anapuliza moto usiotaka kuwaka. Mikono yake imechanwa na majani, damu mpaka viwikoni. Kichwani kavaa kofia yenu ile.

Nikapiga kelele, "Mama, unafanya nini?" Akanitazama kwa furaha, jasho linamtoka. "Njoo unisaidie," akasema. "Wifi yako amepiga. Amesema kuna ugonjwa, tusichelewe. Nimemaliza huku kote, bado ule mstari wa mwisho." Nikamwambia mahindi yalikuwa mazima. Akashika jani akalileta karibu na macho yale. "Njano," akasema. "Yote njano."

Kwake kila kitu ni njano! Mtoto wa jicho ndivyo anavyomwonyesha dunia, na hilo hakuna aliyeliandika kwenye karatasi yako.

Jirani alikuwa amesimama uani kwake tangu mwanzo, amekumbatia mikono. Nikamuuliza kwa nini hakumzuia. Akanijibu, "Nimzuieje? Si Shangazi mwenyewe amesema?"

Nilimwosha mama mikono. Nilimpaka mafuta. Alikuwa anaimba kidogo kidogo, amechoka na ameridhika, anasema ukipiga tena nikwambie amemaliza. Nilitoka nikaenda nyuma ya banda nikalia kama siku ya kaka yako.

Sasa nisikilize. Chakula tutahangaika nacho mimi na watoto wangu, hilo usilijibu, sitaki huruma yako. Ulisema unakuja kumchukua mama. Nilipoisoma barua ile niliogopa, nakwambia ukweli, kwa sababu mama akiondoka hapa, ndugu zenu wataniuliza mimi nakaa kwa nani. Leo siogopi tena. Njoo umchukue. Njoo umfungie nguo mwenyewe. Njoo umpangushe matope ya kwenye kucha. Huwezi kumtuma shambani kwa simu halafu lawama zije kwangu. Kaka yako ulisema nimemuua. Hili la leo nani kalifanya? Sema, na hapa niite waombolezaji wakusikie.

Mke wa marehemu kaka yako


29 Mei

Wifi,

Nimeshika barua yako kutwa nzima. Sijui nikusalimu vipi.

Ulikuwa wapi? Swali hilo nililiandika, nikalikata, nikaliandika tena. Debe la mahindi lingeweza kungoja. Ulijua macho yake. Ulijua ananitii. Nakulaumu na nitaendelea kukulaumu, usidhani hasira zako zimenimaliza.

Lakini ile "ng'oa" ni yangu. Meneja alisema mara ya kwanza haina mkazo, wakulima huonea huruma mimea yao. Nikairudia. Akasema bado. Nikairudia, nikafikiria mtu ninayemchukia ili itoke kali. Nilikufikiria wewe. Ikatoka kali, mtaalamu akanyoosha dole gumba nyuma ya kioo cha mlango, na ikaenda moja kwa moja kwa mama.

Nilikwenda kwa meneja nikamweleza kila kitu. Nikamwambia Msikilizaji Bora ni mama yangu mzazi, haoni, na akili yake imeanza kumtoka, na shamba ameling'oa. Akaniambia pole sana. Kisha akasema nisiwaambie watu wengine, kwa sababu picha yake imeshabandikwa kwenye mabango. Namba hawatoi. Ruhusa hawatoi mpaka mavuno.

Utasema niache kazi nije. Ningekuja. Nilifika hata sokoni, nikasimama kwenye lile lori la kabichi, dereva akaniuliza kama napanda. Nikarudi ofisini. Naogopa, wifi. Naogopa nifike nimwite mama aniulize mimi ni nani. Mbele yako. Basi, nimelisema, usifurahi.

Jumatatu ya tarehe kumi mwezi ujao usimwondoe mama karibu na simu. Usiende mashineni, usiende popote. Usiniulize zaidi.

Wifi yako


11 Juni

Wifi,

Hamjambo nyumbani? Mimi nimefukuzwa kazi.

Nilikuwa nimepewa kusoma habari ya kukausha mahindi juu ya turubai. Siku ya kurekodi niliachwa peke yangu, nikasoma nusu. Nusu nyingine nikaisema ya kwangu. Ofisi ile hakuna anayesikiliza tena ujumbe ukisharekodiwa, wanaangalia urefu tu kama umetosha. Ulitosha. Jana asubuhi ukaenda kwa mama. Ukaenda na kwa watu wote wa ukanda, kwa sababu mashine haijui kumtumia mama wa mtu mmoja.

Umeusikia, kwa hiyo huhitaji nikurudishie. "Shikamoo, mama. Ni mimi, kitinda mimba wako. Usiende shambani peke yako. Using'oe kitu. Nisubiri hapo hapo nyumbani, nakuja."

Kufika saa tatu, simu za ofisi zilikuwa hazishikiki. Unaambiwa watu hawakwenda shambani. Wanawake walikaa milangoni. Wengine walibonyeza mbili, ile ya kuuliza swali, na hawakuuliza swali, waliitikia tu: "Marahaba, mwanangu. Marahaba." Mzee mmoja alitaka kujua atafika na gari gani ili amtume mtu kituoni, maana mwanawe ameondoka siku nyingi na hakuwahi kupiga. Binti wa mapokezi aliyempokea simu alilia. Mtaalamu alikuja akanitazama kama sijavaa nguo. Meneja alinipigia kelele mbele ya watu wote, akasema nimecheza na imani ya wakulima. Hapo ndipo nilipomjibu. Sitakuandikia nilichosema, watoto wako wanaweza kuiona barua hii.

Sijutii. Nimetolewa na mlinzi, mfuko mkononi, na huyo mlinzi ananiambia mama yake naye amepiga.

Sasa niambie. Mama alisemaje? Kazi sina tena, kisingizio sina, nimebakiwa na jibu lako tu. Aliitikia?

Wifi yako


18 Juni

Kwako wifi,

Salamu nyingi. Watoto wazima, mama mzima wa mwili. Pole kwa kazi. Neno hilo sikutegemea kuliandika kwako, nimeshaliandika, tuendelee.

Umeniuliza mama alisemaje. Nimekaa siku kadhaa nikifikiria kukudanganya, na ningeweza, maana ungekuja mbio. Lakini utafika na utaona mwenyewe, kisha useme nilikuficha kama unavyosema nilificha ugonjwa wa kaka yako. Kwa hiyo chukua ukweli ulivyo.

Nilimkalisha mlangoni, nimemvalisha kitenge safi, kwa sababu nilijua unakula njama ya kitu. Simu ikalia. Niliposikia "Shikamoo, mama," nilikaa chini kando yake. Kwa hasira zangu zote juu yako, nililia. Mama hakulia. Alisikiliza mpaka mwisho, amekunja uso. Akabonyeza moja. Akasikiliza tena, taratibu, kichwa amekiinamisha. Halafu akanipa simu.

"Wamekosea namba," akasema. "Kuna mtoto wa watu anamtafuta mama yake. Waambie hayuko hapa, maskini, asije akapoteza nauli."

Nikamshika mikono. Nikamwambia, mama, huyo ni mwanao, kitinda mimba wako, sauti yake huijui? Akanicheka kabisa, akaniuliza kama nimelala vibaya. "Wangu hana maneno hayo," akasema. "Wangu akipiga anaanza na mvua."

Kisha akaniuliza mbona leo hujapiga. Alikaa na simu mapajani mpaka kivuli kikahama, chakula akakataa. Jana Jumatatu ofisi yenu ikaleta mwanaume, ana sauti nene, anasoma kama anagombana na mtu. Mama akamsikiliza kidogo, akamwambia kwa adabu, "Baba, mpe mwanangu simu." Yule akaendelea na maturubai. Mama akarudia. Akarudia tena. Nikashindwa kukaa, nikatoka nje.

Ulikuwa unaogopa atakuuliza wewe ni nani. Atakuuliza. Ukifika ukamwita mama, utakuwa mtoto wa watu aliyekosea nyumba, atakuonea huruma na kukupa maji. Kwa hiyo fanya ninavyokwambia, na mara hii ninayeamrisha ni mimi.

Lori linatoka sokoni Alhamisi, dereva nimeshamwambia. Viatu vya kisigino viache huko. Ukifika usimrukie shingoni, usilie, shikamoo usimpe. Simama mlangoni ambapo hakuoni vizuri, mwambie mvua za wiki hii zitakuwa za wastani. Mwambie habari ya kupanda, shamba liko wazi, mbegu nimeazima kwa jirani. Sema kwa ile sauti ya kuichekea sponji. Atakuitikia, namjua. Halafu atakuuliza kitu, chochote kile, kama anavyouliza siku zote. Acha mbegu, acha mvua, mjibu. Hilo hajawahi kulipata kwako kwenye simu, na sijui litamfanya nini, ila ndilo pekee lililobaki la kujaribu.

Kuhusu kumchukua, tutaona. Kama atakwenda nawe kwa miguu yake, sitashika nguo yake. Kuhusu uliyoyasema msibani, hujayafuta na mimi sijayasamehe. Tutayagombania jikoni, kwa sauti ya chini, mama asitusikie.

Wifi yako